Kwaya ya mtaa inakwenda Kampala: Mama Mlezi tumwambie nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mwalimu wa shule ya msingi, na jioni nafundisha kwaya ya mtaa hapa Walukuba, Jinja. Nasema ya mtaa kwa sababu haina kanisa. Wamo Wakatoliki, Waprotestanti, walokole, na akina mama wawili Waislamu ambao huimba nasi kila kitu mpaka tufike penye maneno ya imani isiyo yao. Hapo wanafumba midomo, wanayumba nasi tu, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Kwaya hii ilianzishwa na wafanyakazi wa viwandani, enzi zile mlango mmoja anakaa Mluo, wa pili Mgisu, wa tatu Mwacholi, na lugha ya kuelewana kibarazani ni Kiswahili. Mpaka leo nyimbo zetu nyingi ni za Kiswahili.

Mwishoni mwa mwezi ujao tumealikwa kwenye tamasha la kwaya Kampala. Hatujawahi kuitwa mbali hivyo. Barua ya mwaliko inasema kila kwaya itapewa dakika 15 na nyimbo tatu: mmoja wa Kizungu wa zamani wenye sauti nne, mmoja wa Kiafrika, na mmoja wa kuchagua wenyewe. Waimbaji wasizidi 30. Sisi tuko 43: sauti ya kwanza 19, ya pili 11, ya tatu 7, ya nne 6. Hata kosta tuliyopatana nayo haibebi zaidi ya watu thelathini hivi.

Sasa nije kwa Mama Mlezi. Ana miaka 71. Ni mjane wa mzee aliyenifundisha solfa, zile nota za do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi, nikiwa msichana, akiziandika kwa mkaa nyuma ya karatasi za mifuko ya saruji. Mazoezi tunafanyia uani kwake, chini ya mwembe. Kinanda kinalala sebuleni kwake. Tangu nimjue, ndiye anayeanzisha wimbo wetu wa Kiafrika: anatoa mstari peke yake, kwaya nzima inamwitikia. Watu wa Walukuba wanamjua kwa hilo kuliko kwa jina lake.

Shangazi, sauti imeisha. Inatetemeka, inashuka, na kwa kuwa bado ana nguvu na wote wamezoea kumfuata, inashuka na sauti ya kwanza nzima. Tunaanza vizuri, lakini tukifika ubeti wa mwisho tumeporomoka karibu nota nzima. Kinanda kikiingia hapo ni aibu. Kwenye Haleluya ya Handel, ambayo ndiyo tuliyochagua kwa wimbo wa Kizungu, kuna pale sauti ya kwanza inashikilia nota ndefu na kupanda ngazi kwa ngazi huku wengine wakijibu. Ngazi ya tatu tu Mama anapiga kelele, haimbi tena.

Vijana hawakuvumilia. Kiongozi wa sauti ya tatu, kijana hodari kweli, alirekodi kipande hicho kwa simu akakitupa kwenye kundi letu la Wasapu. Hakuandika neno. Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Mama hana simu ya aina hiyo, lakini mjukuu wake anayo. Siku mbili baadaye kijana akaniambia yeye na wenzake watatu wanataka sauti zipimwe, mmoja mmoja, na asiyeweza abaki. Mama akipanda jukwaani, wao hawapandi. Bila hao wanne sina sauti ya tatu. Wazee nao wana lao: waliokaa miaka mingi ndio waende, vijana watapata tamasha lingine. Mweka hazina anasema waende waliolipa ada.

Mama mwenyewe hasemi kitu. Siku hizi anatafuna tangawizi mazoezi yote. Ameacha kiti chake cha katikati, anakaa mwisho kabisa karibu na shina. Anakuja na mjukuu wake wa miaka 15, anayembebea mkoba na kukaa nyuma yake akifuatisha maneno kwa midomo. Jumapili iliyopita aliniuliza, "Mwanangu, safari hii sare ni zile zile au mnashona mpya?" Nikamwambia bado tunajadili.

Nimefikiria njia tatu. Nipime sauti za wote hadharani ili ionekane ni haki. Au nimwombe mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Bugembe, amwambie. Au niseme tu kosta imejaa na nibandike orodha. Usiku silali. Na tamasha hili ni kubwa kwetu. Inasemekana watakuwepo wageni wanaotafuta walimu wa kwaya wa kuwapeleka mafunzoni. Nisaidie, nimwambie vipi mzee huyu kwamba haendi?

Mwalimu niliyebanwa katikati, Walukuba


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa usiku usiolala. Nimeisoma barua yako nikiwa na penseli mkononi, kama tulivyozoea kusoma karatasi za solfa. Mimi mwenyewe ni wa sauti ya pili, wale ambao hakuna anayewasikia mpaka wakosee.

Unauliza umwambie vipi Mama Mlezi kwamba haendi. Mimi ninaona umeruka swali moja kabla ya hilo. Una mambo matatu: watu 43 na nafasi 30, kwaya inayoporomoka, na vijana wanne waliokuwekea sharti. Yote matatu umeyapakia kichwani kwa mwanamke mmoja wa miaka 71, na unatumaini akishuka kwenye kosta, yatashuka naye. Labda itakuwa hivyo. Ila tuyatenganishe kwanza, tuone kila moja lina uzito gani likisimama peke yake.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina hasira. Wanaume wako ni 13, saba na sita. Wanawake ni 30. Ukitaka kwaya ya watu 30 isikike kama kwaya ya sauti nne, huwezi kupunguza hata mwanaume mmoja; tayari ni wachache. Basi wote 13 watakaobaki Jinja ni wanawake, na wengi wao wa sauti ya kwanza, kwa sababu ndiko mlikojazana. Kwa hiyo kijana wako anayedai sauti zipimwe anadai mtihani ambao yeye na wenzake hawawezi kuufeli. Sijui kama ameliona hilo. Wasichana wa sauti ya kwanza wanaomuunga mkono, hakika hawajaliona. Ukipima kwa sauti tu, utawaacha mabinti wa miaka ishirini wanaoimba safi kabisa, kwa sababu nafasi za sauti yao zimekwisha. Mgogoro mnaouita wa wazee na vijana ukiuandika kwenye karatasi unakuwa kitu kingine. Pengine ukiwaonyesha wote hesabu hiyo kabla ya kutaja jina la mtu, joto litapungua. Au litapanda, maana kila mwanamke ataanza kumtazama jirani yake. Lijue hilo kabla hujatoa karatasi.

Na umewauliza waandaaji wenyewe kwa nini ni 30? Huenda ni upana wa jukwaa, huenda ni sahani za chakula, huenda mtu aliandika tu namba inayopendeza. Kama ni sahani, watu wenu wanaweza kubeba chapati zao. Kama ni jukwaa, mnaweza kuuliza ikiwa inaruhusiwa kubadilishana watu kati ya wimbo na wimbo, 30 hawa kwa Haleluya na 30 wengine kwa wimbo wa Kiafrika. Lakini kupanda na kushuka kunakula dakika, nanyi mna 15 tu, na nauli ya hao wa ziada italipwa na nani? Mweka hazina wako atakuwa na la kusema hapo. Pia kuna waandaaji ambao ukiwauliza swali moja wanakuona msumbufu. Ni barua fupi tu, hata hivyo, na jibu lake linaweza kubadilisha mambo mengi.

Sasa kuporomoka. Hapa nitakaa kidogo, nivumilie.

Unasema sauti ya Mama inashuka na kuivuta kwaya. Ninakuamini, sikio ni lako. Lakini nimeimba kwenye kwaya za mtaa za kutosha kujua kwamba kwaya inayoimba bila kinanda hushuka, wazee wawemo wasiwemo. Watu wanachoka, pumzi inakatika katikati ya mstari, nota ya "mi" inaimbwa kwa uvivu, mstari unaoteremka unateremshwa kupita kiasi, wimbo wa taratibu ndio mbaya zaidi. Na nyinyi mnafanya mazoezi uani, nje, ambako sauti inapotelea hewani na mtu hamsikii jirani yake. Umewahi kujaribu beti zile zile bila Mama? Simaanishi umfukuze. Chukua siku ambayo hakuja, au mpe kazi ya kukaa mbele na kusikiliza, kisha mpige nota ya kwanza kwenye kinanda, mwimbe mpaka mwisho bila kinanda, na mpige nota ile ile tena. Kama bado mmeshuka hata robo tatu ya vile mnavyoshuka mkiwa naye, basi Mama amebebeshwa mzigo wa watu 42. Kama mmebaki juu, utakuwa na hakika unayoikosa sasa, na mazungumzo yako naye yatakuwa ya kweli zaidi, hata kama yatakuwa magumu zaidi.

Kuhusu Haleluya, kuna jambo ambalo mwalimu wako marehemu angekukumbusha. Solfa tuliyorithi, ile aliyoieneza mchungaji John Curwen huko Uingereza karne ya 19, ina "do" inayohama. Ukishusha wimbo nusu nota au nota nzima, karatasi za watu hazibadiliki hata herufi moja. Kinanda chenu, kama ni cha umeme, huenda kina kitufe cha kushusha ufunguo. Vijana watasema Handel aliandika katika ufunguo wa D na D iheshimiwe. Waambie kwamba Masihi, kazi ndefu ya Handel yenye Haleluya ndani yake, ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, vyombo vya zama zile kwa kawaida vilikaa chini kuliko vya leo. Mitetemo 440 kwa sekunde kwa nota ya A ni mapatano yaliyofikiwa London mwaka 1939. Kwa hiyo D ya kinanda chenu huenda iko juu kuliko D aliyoisikia Handel mwenyewe. Hasara yake ipo: sauti ya nne itazama, na besi wako ni sita tu. Wasikilize kwanza kabla hujakata shauri. Huenda ukagundua pia kwamba si Mama peke yake aliyekuwa akipiga kelele kwenye ngazi ya tatu, ila yake ndiyo iliyorekodiwa.

Halafu wale akina mama wawili Waislamu. Unasema wanafumba midomo penye maneno ya imani isiyo yao. Binti yangu, kwenye Haleluya watafumba midomo wimbo mzima! Na hao tayari umewahesabu kati ya wanawake 30. Nilitabasamu niliposoma, kisha nikaacha kutabasamu. Kaa nao. Huenda wana jibu lao kuhusu nani apande kwa wimbo upi, na ni miaka mingi hawajaulizwa.

Turudi kwa koo la Mama. Mwanamke akishakoma hedhi, nyuzi za sauti hubadilika pamoja na mwili. Mara nyingi sauti inateremka, inakuwa nzito, na zile nota za juu zinakuwa ngumu kuzifikia. Umri ukizidi kusonga, misuli ya koo na ya pumzi inalegea, ndipo mtetemo unapoingia. Tangawizi inapasha moto njia ya chakula, haizigusi nyuzi zenyewe, maana tunachomeza kinapita mlango mwingine. Maji ya kutosha yanasaidia. Mazoezi mafupi ya kila siku yanasaidia kuliko ya saa tatu Jumapili: kuvuma midomo ikiwa imefungwa, kupuliza midomo itetemeke kama mtoto anayeigiza gari, kupanda na kushuka nota tano za katikati bila kugusa za juu. Hazirudishi sauti ya ujana. Zinaweza kumpa mtu sauti aliyo nayo leo, ambayo huenda ni ya pili na si ya kwanza.

Nasema huenda, kwa sababu kumhamisha mtu kwenda sauti ya pili si jambo dogo kama linavyosikika. Kwenye kwaya zetu nyingi sauti ya kwanza ndiyo enzi. Na mtu aliyeimba tuni yenyewe miaka arobaini, umpe mstari wa chini, kila akisikia tuni masikioni anaikimbilia. Utapata mama wa sauti ya pili anayeimba sauti ya kwanza kwa chini, na hilo ni baya kuliko ulilonalo. Wimbo wa Kiafrika una nafasi zaidi. Anayeanzisha mstari peke yake anaweza kuanzia popote panapomfaa, mradi kinanda kinyamaze na kwaya ipokee alipo. Je, wimbo huo ukianzwa chini, sauti yake inatetemeka vile vile? Na ikitetemeka, ni kosa? Kuna sauti za wazee kwenye nyimbo za kuitikia ambazo ukizinyoosha unaziua. Lakini sijamsikia Mama wako, wewe umemsikia, na kuna mtetemo unaogusa watu na kuna mtetemo unaowafanya waangalie chini kwa kumwonea haya. Tofauti hiyo utaijua wewe.

Vijana sasa. Kijana alisikia sawasawa: kwaya inashuka. Sikio zuri si dhambi. Alichofanya na simu yake ni jambo lingine, na naona umeliandika kwa mstari mmoja ukapita, kana kwamba limeshapita. Mjukuu ana simu. Chukulia kwamba Mama amekwisha kusikia. Tangawizi, kiti cha mwisho, swali la sare: vilianza kabla ya kile kipande kurushwa au baada? Hukuandika, na jibu linabadilisha kila kitu.

Ukikubali sharti lao, utapata sauti ya tatu Kampala na utakuwa umeionyesha kwaya nzima kwamba wanne wakisusa wanapewa. Tamasha la mwakani watasusa kwa jambo jingine. Ukikataa, wanaweza kuondoka kweli. Wakiondoka una watatu, na kwaya nyingi za mtaa zimeishi kwa kuwapa akina mama wa sauti nzito sauti ya tatu; haitakuwa Haleluya ya ndoto yako, itakuwa Haleluya. Au kuna njia ya tatu, kumwita kiongozi wao peke yake, mbali na kundi la Wasapu, umwonyeshe ile hesabu ya 30, umpe kazi. Asimamie lile jaribio la kuanza na kumaliza kwenye nota moja. Mtu mwenye sikio akipewa kazi ya sikio mara nyingine hupunguza kazi ya mdomo. Mara nyingine tu.

Njia zako tatu nazo. Kupima hadharani ili ionekane haki: haki ya mtihani inategemea nani ameutunga, na tumeshaona unawabana wanawake tu. Ukiamua kupima, wapo walimu wanaopima wanne wanne, mtu mmoja kwa kila sauti. Hapo unasikia kama mtu anashikilia mstari wake huku wengine wakiimba yao, na hakuna anayesimama uchi peke yake. Mtoto wa Bugembe: ujumbe unaopitia kwa mwana hufika ukiwa na nguo nyingine. Atamwambia mama yake "wamekukataa", au atakuja kukugombeza wewe, au atasahau mpaka wiki ya mwisho. Orodha na uongo wa kosta: mtaibandika wapi? Mwembe ni wake. Atatoka asubuhi na ufagio, ataisoma kabla ya mwingine yeyote. Na Walukuba ninayoijua, kosta ikiwa na kiti kimoja kitupu, habari itafika kabla hamjavuka Njeru, ng'ambo tu ya Nile.

Inabaki kwenda mwenyewe. Nakuona unakwepa hapo, nami ningekwepa. Ukienda, usiende siku ya mazoezi, na usiende na hukumu mfukoni. Ungeweza kumuuliza tu, "Mama, sauti inakwendaje siku hizi?" halafu ukanyamaza, hata kama kimya ni kirefu. Anaweza kukuambia amechoka na alikuwa anasubiri ruhusa yako. Anaweza kusema hajambo na ataimba Kampala, kwisha. Anaweza kukasirika, na hapo ni vema ujue mapema: kinanda ni mali ya kwaya au ya marehemu? Mkipoteza ua ule, mtafanyia wapi mazoezi wiki za mwisho? Siyo sababu ya kumwogopa. Ni sababu ya kutokwenda bila kujua.

Mjukuu yule, sijui. Msichana wa miaka 15 anayekaa nyuma ya bibi yake akifuatisha maneno yote anaweza kuwa mbeba mkoba tu. Anaweza pia kuwa ndiye Mama anayemwandaa, bila kumwambia mtu, hata msichana mwenyewe. Kuna kwaya ambapo mzee anaanza mstari wa kwanza na mtoto anaupokea wa pili. Ni jambo zuri likitoka kwa Mama. Likitoka kwako litakuwa hila, na mtoto atakuwa ameingizwa kwenye ugomvi wa watu wazima, hasa kama ndiye aliyeona vile vikatuni.

Jambo moja umeliweka mwishoni kabisa, kama mtu anayeacha chenji mezani: wageni wanaotafuta walimu wa kwenda mafunzoni. Hakuna ubaya kulitaka. Umefundisha bure jioni kwa jioni, na mwalimu naye ana haki ya kufundishwa. Lakini jiulize ukiwa peke yako: kama wageni hao wasingekuwepo, ungemruhusu Mama apande? Ukijibu ndiyo, hilo halimaanishi uache mafunzo. Linamaanisha tu kwamba kwenye mizani kuna jiwe ambalo wanakwaya wako hawalioni, na wewe unaliona. Unaweza hata kuwaambia. Wengine watasema mwalimu anajitafutia, wengine wataimba kwa nguvu zaidi kwa ajili yako.

Ya safari ni machache. Barabara ya Kampala haiaminiki, msitu wa Mabira ukipata lori moja lililolala njiani mnakaa saa nzima, kwa hiyo ondokeni mapema kuliko mnavyodhani inafaa. Na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, za pale Namawojjolo kando ya barabara, vinunuliwe mkirudi. Nimewahi kuimba nikiwa nimeshiba kuku wa kuchoma, pumzi haikufika hata katikati ya mstari.

Na ule wimbo wa tatu, wa kuchagua wenyewe? Barua yako ndefu haikuutaja. Kama bado uko wazi, nani atauchagua: wewe, vijana, au kikao cha chini ya mwembe akiwemo Mama? Niandikie mkishaamua, na uniambie waandaaji walijibu nini kuhusu hao 30.

Shangazi